Pole kwa Msiba, Afande

Kwa mara ya tatu tangu asubuhi, Inspekta Kyule Mutie alimsogezea Mbula karatasi ileile, na kwa mara ya tatu Mbula aliitazama bila kuigusa. Ilikuwa Jumamosi, saa tatu na nusu. Jumatatu msichana huyu angepelekwa kortini kujibu shtaka la kuharibu mfumo wa kompyuta kwa makusudi, na Kyule hakupenda kupeleka kortini kesi yenye shimo. Lilikuwa limebaki shimo moja tu.

"Tusome tena pamoja," alisema. "Jumanne ya wiki iliyopita, saa kumi na moja na dakika kumi na mbili jioni, mtu aliingiza toleo jipya la programu kwenye seva ya Chama cha Maji. Ufunguo uliotumika ni wako."

"Ni wangu."

"Kuna mtu ulimwazima?"

"Hapana. Ni mimi."

"Saa kumi na mbili ujumbe wa zamu haukutoka. Jumatano asubuhi, saa moja na dakika ishirini na mbili, Mzee Kasyoki akabanwa na ng'ombe kwenye birika. Saa moja na dakika arobaini wewe ukaingia kwa seva, ukarudisha toleo la zamani na lile jipya ukaliondoa. Dakika kumi na nane, Mbula. Mzee hajatolewa kwa matope na wewe uko kwa kompyuta unafuta."

"Nilikuwa narudisha zamu, afande. Watu walikuwa bado wanakuja."

"Uliondoa nini?"

Hapo ndipo alipokuwa akikwama. Maswali mengine yote alikuwa ameyajibu vizuri, hata yale ya kumchoma. Kyule akangoja. Nje mbuzi wa mtu walikuwa wanakula ua wa kituo na hakuna askari aliyejisumbua kuwafukuza.

"Mbula. Uliondoa nini?"

Msichana akainua macho. Yakamfikia Kyule kifuani, yakaishia hapo. "Pole kwa msiba, afande," alisema. "Sikuwa nimepata nafasi ya kukuambia."

Kyule alifunga daftari kwa nguvu kuliko alivyokusudia. Huyu alikuwa wa tano. Mamake alizikwa Ijumaa ya wiki ile ile ya ajali, na yeye alirudi kazini Jumatatu iliyofuata akakuta faili la Kyandula limelala mezani likimngoja. Tangu siku hiyo kila shahidi alianza kwa pole, na kila aliyeanza kwa pole alimalizia kwa kimya. Daftarini alikuwa amewaandika kwa mpangilio: Yakub, katibu wa chama, alitazama chini, mlinzi wa kisima, alitazama chini, mchungaji wa mifugo kutoka Tulia, alitazama chini. Hata Mzee Kasyoki mwenyewe, akiwa kitandani kwenye hospitali ya misheni, mguu umeinuliwa kwa kamba, alimshika Kyule mkono akamwambia pole kwa kumpoteza mama, na alipoulizwa ni nani anayemshuku akageuza uso ukutani. Watu wengi hivyo hawawezi kuinamisha vichwa kwa bahati. Wamepanga, Kyule alijiambia, na akazungushia duara majina yote.

Kisima cha Kyandula ndicho pekee kinachotoa maji kiangazi kizima katika upande ule wa Mutomo. Zamani watu walipigania birika kwa fimbo. Miaka mitatu iliyopita chama kilimwajiri Mbula Nzuki, mtoto wa palepale aliyesomea kompyuta, na yeye akawatengenezea programu ya zamu. Kila jioni saa kumi na mbili, kila mwenye mifugo alipata ujumbe kwenye simu: kesho saa fulani, ng'ombe wako na mbuzi wako. Wanachama walikuwa mia nne na kumi na wawili, na fimbo zikabaki za kuchungia tu. Jumanne ile ujumbe haukufika. Asiyeambiwa saa yake huona heri awahi, na Jumatano kulipopambazuka mifugo ya vijiji sita ilikuwa imesimama mbele ya birika moja. Daktari alikuwa bado hajasema kama mguu wa Kasyoki utabaki.

Kyule alikuwa na jibu lake. Mjomba wa Mbula, Musyimi, alikuwa na boza, lori la tangi la kuuzia maji. Kisima kikivurugika, boza linashangiliwa. Kwa ajili ya boza hilo ndiyo alimkamata Mbula jana, Ijumaa, siku ya soko, saa sita mchana, kati ya wauza ndengu na wauza mitumba. Alimfunga pingu huku mama yake Mbula akiwa amesimama hapo na kiondo chake, na watu walipouliza kuna nini, aliwajibu kwa sauti ya kusikika: "Huyu ndiye aliyemvunja mzee wenu mguu."

Mlango ukagongwa. Koplo Wavinya, msaidizi wake, alichungulia kwanza kisha akaingia.

"Afande, yule mwenye gereji ya Mwingi amepiga simu. Boza la Musyimi liliingia kwake Jumatatu, siku moja kabla. Gia boksi ilikuwa chini. Lilitoka Ijumaa."

"Ijumaa ya ajali au ya jana?"

"Ya wiki ya ajali. Jumatano lilikuwa juu ya mawe, afande. Ametuma picha."

"Kwa hivyo Musyimi hakuuza maji."

"Hata mtungi mmoja."

Kyule alimtazama Mbula. Msichana hakuonyesha furaha yoyote, alikuwa akikuna alama iliyoachwa na pingu kwenye kifundo cha mkono. Mtu anayefunguliwa mlango huwa anautazama, angalau. Huyu alikuwa akitazama viatu vya Inspekta.

"Mrudishe ndani," Kyule alisema. "Halafu tuende kwa chama. Yule fundi ashafika?"

*

Fundi alikuwa Mishi Abdulmalik, mwanamke wa miaka thelathini na kitu mwenye duka la kompyuta Mwingi. Kyule alimchagua mwenyewe. Kyandula nzima ilikuwa ni shangazi wa huyu na shemeji wa yule, na alitaka jicho la mtu asiyemjua yeyote. Mishi alikuwa hajawahi kufika Kyandula, na habari za kijiji hicho hakuwa nazo hata moja. Baadaye Kyule angekumbuka jinsi alivyojisifu mbele ya Wavinya kwa uchaguzi huo.

Ofisi ya chama ilikuwa chumba kimoja kando ya duka la vifaa vya ujenzi la Yakub. Seva yenyewe ilikuwa kijisanduku cheusi chini ya meza, ubavuni mwa betri ya sola, kimefunikwa kitambaa cha kufuma kuzuia vumbi. Chama kilikataa kukodi seva ya mbali. Wazee walisema maji ni yao na kinachogawa maji kikae kwao, na Mbula akakubali, akaweka ndani ya kijisanduku hicho jukwaa la kujengea na kuendeshea programu.

"Karibu, Inspekta," Yakub alisema akimpa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa kifuani. "Mungu akupe subira." Kisha akatazama sakafu.

Kyule aliupokea mkono. Alivuta kiti nyuma ya Mishi.

"Umepata nini?"

"Kwanza nikuambie inavyofanya kazi, ndiyo utajua nilichopata," Mishi alisema. Aliongea bila haraka, vidole vikiendelea kwenye kibodi. "Hii seva ina mafundi wa kujenga. Wanaitwa buildpack. Kila mmoja anajua lugha moja ya programu. Ukileta folda yako, hao mafundi wanakuja mlangoni mmoja mmoja, wanaangalia faili za juu tu, zile za mbele. Wa kwanza kuona faili anayoijua anasema hii kazi ni yangu. Anajenga, anawasha."

"Na wengine?"

"Wanaondoka. Kazi ishachukuliwa."

"Huwezi kumwambia ni fundi gani unamtaka?"

"Unaweza, na ndivyo inafaa. Unaandika mstari mmoja tu, unataja buildpack yako, hakuna tena mambo ya kuchungulia mlangoni. Hapa haukuandikwa. Waliachia seva ijionee yenyewe. Na si kosa kubwa, mimi nimeona watu wengi wakifanya hivyo. Mara sitini na moja ilijionea vizuri. Angalia."

Kioo kilijaa mistari. Mishi alipitisha kidole juu ya kila toleo. La kwanza, Python imetambuliwa. La pili, Python. La thelathini, Python. La sitini na moja, Python.

"Na hili ndilo la Jumanne," alisema. "Sitini na mbili."

Kyule alisogea karibu na kioo. Mstari ulisema Node imetambuliwa.

"Lugha nyingine."

"Lugha nyingine, fundi mwingine. Kuna folda ya pili ilimwagwa pale mbele, juu ya ile ya kwanza. Ilikuja na faili yake inaitwa package.json. Fundi wa Node ndiye hufika mlangoni mapema, akaiona, akasema ni yangu. Hiyo folda pia ilikuja na orodha yake ya vitu vya kuwashwa, ikafunika ile ya zamani. Kwa orodha kulikuwa na kitu kimoja tu, ukurasa. Programu ya zamu ilikuwa bado iko humo ndani, nzima kabisa. Hakuna mtu wa kuiamsha."

"Na seva haikulalamika?"

"Ilalamike kwa nini? Iliombwa kujenga, ikajenga, ukurasa ukafunguka. Hapa imeandika imefaulu."

Kyule aliandika yote hayo, akapiga mstari chini ya neno imefaulu. "Mtu akitaka kuharibu, angefanya hivi?"

Mishi alifikiria. "Angekuwa mjinga. Ametumia ufunguo wake mwenyewe, mchana, jina lake liko kila mahali. Mimi naona haraka hapa. Mtu alikuwa na kitu tayari mahali pengine, akakikopi chote bila kuchagua, akakisukuma. Hata maelezo ya toleo ameandika neno moja."

"Neno gani?"

"Tangazo."

Yakub alikohoa. Alisema adhuhuri imekaribia, kwamba angependa kwenda msikitini, na kama ingewezekana waendelee kesho. Kyule alimwambia akae.

"Lakini alifuta," Kyule alimwambia Mishi. "Dakika kumi na nane baada ya ajali."

"Aliondoa kwa seva. Kwa git, ile kumbukumbu ya matoleo yote, kila kitu kiko, na mtu wa kazi yake anajua kiko. Mimi nimekipata kabla chai haijapoa." Aligeuka akamtazama Kyule kwa mara ya kwanza. "Kama ni kuficha, hakuwa anamficha fundi. Alikuwa anamficha mtu asiyejua kutafuta. Mtu ambaye angeangalia kwa simu tu, asione, aendelee na shughuli zake."

"Mtu kama nani?"

"Hiyo sasa ni kazi yako, afande."

Hapo Kyule alihisi amelikaribia lile shimo. Kuna mtu alikingwa. Mbula alikubali kulala rumande kwa ajili yake, Yakub alikuwa akitokwa na jasho kivulini, wazee walitazama chini kwa ajili yake. Lazima ni mkubwa, akawaza, na akafurahi, maana wakubwa ndio aliopenda kuwafikia.

"Hilo tangazo linafunguka?"

"Nikiwasha hapa kwa laptop yangu, ndiyo."

"Inspekta," Yakub alisema, "ndugu yangu, tuachie hapo. Umeona mwenyewe ni bahati mbaya. Yule msichana mwachilie, sisi chama hatuna malalamiko. Hata Kasyoki hana. Muulize."

"Nimemuuliza. Aligeukia ukuta. Ni nani mnamficha, Yakub?"

"Hatufichi mtu."

"Afande," Wavinya alisema kutoka mlangoni, kwa sauti ndogo. "Labda tuangalie sisi wawili kwanza. Wengine watoke nje."

"Hakuna wa kutoka. Mishi, fungua."

Mishi akafungua. Picha ilishuka polepole kutoka juu kwenda chini: kwanza kitambaa cha buluu cha kina mama wa kanisa, kisha paji la uso, kisha macho yaliyofinywa na jua, na nyuma yake tangi jipya la maji ya mvua siku lilipozinduliwa kanisani.

"Ni tangazo la kifo," Mishi alisema. "Basi huyu mama ndiye alizima maji." Alisema bila ubaya wowote, kama fundi anayeonyesha waya uliokatika, na akaendelea kusoma: "Kwa huzuni kubwa tunatangaza kifo cha Mama Kaluki Mutie, mjane wa marehemu Mutie, mama mpendwa wa Inspekta Kyule..."

Aligeuza shingo kumtafuta Wavinya, na uso wa Wavinya ulimwambia yaliyobaki.

Picha hiyo Kyule aliichagua mwenyewe. Aliitoa kwenye fremu sebuleni, akaipiga kwa simu dirishani, akaituma. Alikumbuka hata mahali alipokuwa amesimama.

"Ni nani aliomba hili tangazo?" aliuliza, kwa sababu polisi huuliza hata anachokijua.

Yakub ndiye aliyemjibu. "Ulinipigia saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Ulikuwa mochari. Ulisema siku ya mazishi imeshapangwa, na watu wa upande huu wote wanaangalia simu jioni wakingoja zamu, kwa hivyo tangazo liwekwe mahali watu wanaangalia. Ukasema lionekane kabla jua halijazama."

"Nilifikiri ni ujumbe tu. Nilifikiri ni kitu cha kubonyeza."

"Hata mimi."

"Na Mbula alisema nini?"

Yakub alitoa simu mfukoni, akatafuta, akamkabidhi. Ujumbe wa Mbula ulikuwa wa saa kumi na moja kamili: *Katibu naomba hadi kesho asubuhi. Nataka nijaribu kwanza kwa laptop, hii seva sijawahi kuiwekea vitu viwili.* Chini yake, jibu la Yakub: *Ni mamake Inspekta. Siwezi kumwambia angoje. Weka tu.*

Kyule alisoma mara mbili. Akamrudishia Yakub simu.

"Mlijua tangu lini?"

"Tangu asubuhi ile ile. Watu walikuwa wanafungua simu kutafuta zamu wanakuta picha ya mama. Kila mtu aliona. Mbula alikuja hapa analia, akasema atoe kabla hujaona, usije ukajua ni tangazo la mama limeleta hayo, na bado hujamzika. Nikamwambia toa." Yakub alifuta uso kwa kiganja. "Tungekuambia nini, Inspekta? Umerudi kutoka kwa kaburi, Jumatatu unaniuliza ni nani amemvunja Kasyoki mguu. Nikuambie ni mama yako? Mimi nilikula kwake. Hakuna mtu hapa Kyandula ana huo mdomo."

"Jana mlimwacha nimfunge pingu."

"Nilikuja kituoni jana jioni. Uliniambia nirudi Jumatatu na wakili."

Ilikuwa kweli. Kyule alimgeukia Wavinya. "Wewe pia?"

Koplo alisimama wima kabisa. "Baba yangu ana ng'ombe, afande. Aliona picha. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia wiki yote. Nikaona nikimaliza hiyo mambo ya boza, utamwachilia tu mwenyewe."

Daftari lilikuwa wazi gotini. Alitazama chini, alitazama chini, alitazama chini, kwa mwandiko wake mzuri aliofundishwa na mamake kwa mkaa. Majina matano ndani ya duara. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na kitu chake cha kuficha. Walikuwa wanamsitiri yeye, akiwemo mtu mwenye mguu uliofungwa kwa kamba, na yeye alikuwa amewahesabu mmoja mmoja kama wezi.

*

Kabla ya kwenda rumande Kyule alimpigia mkubwa wake simu, akamweleza kwa sentensi nne, akaomba faili lichukuliwe na mtu mwingine. Mkubwa alitaka kumtuliza. Kyule alimshukuru, akakata simu, akafungua kitabu cha matukio pale kaunta akaandika kwamba mshukiwa ameachiliwa bila shtaka, kwamba chanzo ni tangazo lililowekwa kwa haraka, na kwamba aliyeagiza haraka hiyo ni yeye. Kijana wa kaunta alisoma huku akijifanya anatafuta kalamu.

Mbula alikuwa amekaa kwenye kona, shuka juu ya magoti. Alipouona uso wa Kyule alielewa.

"Umeona," alisema.

"Nimeona."

"Mimi sikusema, afande."

"Najua hukusema. Ungesema, ungelala kwenu jana."

Alifungua mlango mwenyewe. Mbula hakusimama mara moja.

"Usijibebeshe yote," alisema. "Ile mkono iliweka ni yangu. Ningeandika ule mstari wa buildpack siku ya kwanza, hata tangazo kumi zingekuja hazingedhuru. Miaka tatu nimekuwa nikisema nitaandika kesho. Na ile folda nilikopi yote juu kwa sababu nilikuwa naona saa inaenda. Hiyo ni aibu yangu, na mimi ndiye nilipaswa kukataa."

"Ungemkatalia nani? Mimi?"

Mbula akakunja shuka, akatoka. Walipofika uani alisimama kwenye mwanga akafinya macho. "Mama yangu hajatoka nyumbani tangu jana," alisema. "Amekataa kwenda hata kisimani. Anasema ataonana aje na watu."

Kyule alikuwa na maneno ya kuomba msamaha tayari, aliyapanga njiani kutoka ofisi ya chama, na sasa yalionekana madogo. "Nisamehe, Mbula," alisema tu. "Nilikukosea mbele ya watu, na hapa uani hakuna watu."

"Ndiyo," Mbula alisema. "Hapa hakuna watu." Akaanza kutembea, na haikuwa njia ya kwao. "Niko na kazi nimalize kabla ya saa kumi na mbili."

*

Mishi alikuwa bado yupo. Alimpisha Mbula kiti bila kuambiwa, na wanawake wawili waliongea lugha yao ya kazi kwa dakika chache, Mishi akionyesha, Mbula akitikisa kichwa. Kyule alisimama karibu na mlango na kofia mkononi. Yakub alileta chai, akampa wa kwanza Mbula.

Mbula aliandika mstari aliouahirisha miaka mitatu: programu ya zamu, buildpack ya Python, na toleo lake likatajwa ili seva isijichagulie jipya. Kisha akafungua folda nyingine mpya, akaipa jina lake peke yake, akaiwekea buildpack ya Node, na humo akahamishia tangazo.

"Hilo lifute," Kyule alisema. "Ashazikwa. Halina kazi tena."

"Mwaitu, mama yetu, hafutwi, afande. Alikaa mahali si pake, sasa ako pake." Alibonyeza, mistari ikapanda kioo. Python imetambuliwa, hapana, haikusema hivyo tena. Ilisema Python imetajwa, ikaendelea na kujenga bila kuchungulia. "Watu walikuwa wanauliza picha ilienda wapi. Wengine hawakuwahi hata kujua siku ya mazishi. Ibaki hadi arobaini."

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Nje soko la Jumamosi lilikuwa dogo, kina mama wachache na ndengu zao, vijana kwenye pikipiki, wazee kwenye veranda ya Yakub wakijifanya hawaangalii dirishani.

"Ule ujumbe wa zamu," Kyule alisema. "Unaweza kuongezewa maneno?"

"Mafupi."

"Andika." Alivua miwani, akairudisha. "Zamu za Jumatano ile zilipotea kwa sababu mimi Inspekta Kyule niliharakisha tangazo la mamangu. Nilimkamata Mbula Nzuki bila kosa. Naomba msamaha kwake, kwa mamake na kwa Mzee Kasyoki."

Vidole vya Mbula vilikuwa vimesimama baada ya sentensi ya kwanza. Yakub alisema, "Inspekta, si lazima. Watu wanajua."

"Wanajua na wananificha. Andika, Mbula."

Aliandika. Alisoma alichoandika, akahesabu herufi, akaunganisha na zamu za kesho. Kasyoki alikuwa namba kumi na nne kwenye orodha, na mamake Mbula namba mia mbili na tatu. Kidole kikasimama juu ya kitufe.

"Nitume?"

Kyule aliangalia saa ya ukutani. Dakika ishirini zilikuwa bado.

"Jaribu kwanza," alisema.

Mbula alimtazama, safari hii hadi machoni. Kisha akaandika namba moja tu, ya Inspekta, akatuma. Simu ilitikisika mfukoni mwa Kyule. Aliitoa, akasoma jina lake na alichofanya, neno kwa neno, kama ambavyo kila mwenye ng'ombe wa Kyandula angesoma baada ya muda mfupi. Hakuna kilichokosewa.

"Imefika," alisema.

Saa kumi na mbili kamili simu zilianza kulia kwenye veranda, kisha kwa kina mama wa ndengu, kisha mbali zaidi upande wa kisima. Wazee waliinamisha vichwa wakasoma. Kyule aliweka kofia juu ya meza, akafungua mlango, akatoka akasimama mahali ambapo wakimaliza kusoma wangemwona.